Utani Una Mpaka Wake

Msikilizaji, pwani ya Tanga, kuanzia Mkinga hadi Pangani, utani ni desturi. Mtani hufika hata msibani akafanya vituko, na aliyetaniwa leo hulipiza kesho. Ndiyo maana mtoto akilalamika kwamba anasumbuliwa shuleni, wengi humjibu: "Wanakutania tu hao, zoea."

Hapo tunakosea. Mtoto wa darasa la tatu anayenyang'anywa hela ya mihogo kila mapumziko na mkubwa wa darasa la saba, kisha akaitwa kikojozi mbele ya wenzake, hataniwi. Anaonewa.

Watoto wafundishwe kujiuliza: Je, sote tunacheka? Nami naweza kumrudishia? Nikisema basi, anaacha? Jibu likiwa hapana, huo ni uonevu.

Wafundishwe pia kwamba kusimama imara si kurusha ngumi. Ni kusema "sitaki" kwa sauti, kuondoka, na kumwambia mtu mzima. Wanaotazama nao wasishangilie. Wamwite mwenzao anayeonewa, waondoke naye. Kutoa taarifa si umbea.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa ya eneo hilo. Ipo pia namba 116, simu ya bure ya kusaidia watoto.

Mzazi, mwalimu: mtoto akikueleza, msikilize hadi mwisho, kisha chukua hatua. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.