Kichwa cha Mtoto Kiko Wapi?

(Muziki unapanda, kisha unashuka.)

MKUNGA: Leo tuzungumze juu ya jambo ambalo mikono ya mkunga hulitambua bila mashine: mtoto amelalaje tumboni.

Katika mwezi wa saba mtoto bado hugeukageuka, wala si tatizo. Kufikia wiki ya 36 nafasi imepungua, na watoto wengi wameshaelekeza kichwa chini. Kwa hiyo usikose kliniki mwezi wa tisa, hata ukijisikia mzima.

Siku hiyo utaombwa ukojoe kwanza, kisha ulale chali na kukunja magoti. Mkunga atapapasa juu ya tumbo, pembeni, halafu chini karibu na nyonga. Kichwa ni kigumu na cha mviringo. Kikisukumwa kidogo hucheza chenyewe. Makalio ni laini zaidi. Yakisukumwa, mwili mzima husogea. Kisha atasikiliza moyo. Akiwa na shaka, atakutuma ukapigwe ultrasaundi. Usione haya kuuliza: "Kichwa kiko wapi?" Aandike kwenye kadi yako.

Mtoto akitanguliza makalio, au akilala kwa kukingama, usijifungulie nyumbani. Aliyekingama hawezi kupita njia ya kawaida. Uchungu ukiendelea, mfuko wa uzazi unaweza kupasuka. Mkijua mapema, mnapanga: hospitali gani, nani atabaki na watoto, gari la wagonjwa litaitwaje usiku. Mkijua usiku wa manane uchungu umeshashika, huenda mkachelewa.

Bibi zetu, mikono yenu imepokea watoto wengi. Mkihisi kichwa kiko juu, mleteni mama kliniki. Tafadhali msimkande tumbo ili kumgeuza mtoto: kondo la nyuma linaweza kubanduka, mama akavuja damu na mtoto akafa. Kugeuza ni kazi ya hospitali, mahali ambapo upasuaji unawezekana.

Na kumbukeni: mama akivuja damu, maji yakitoka, au mtoto akipunguza kucheza, asingoje siku ya kliniki. Aende saa hiyo hiyo.

Nawe baba unayesikiliza, jioni hii chukua kadi ya mkeo, msome pamoja. Kama haijaandikwa kichwa kiko wapi, na mwezi wa tisa umeingia, kesho asubuhi msindikize kliniki.



(Muziki.)