Halmashauri na Mkulima wa Mara

Wilaya za Musoma, Bunda na Butiama zina halmashauri 5: Manispaa ya Musoma, Halmashauri ya Wilaya ya Musoma, Halmashauri ya Wilaya ya Butiama, na mbili za Bunda, ya Wilaya na ya Mji. Anayelima muhogo na mtama kando ya Ziwa Viktoria, anayelima pamba Bunda na anayelima mahindi kwenye vilima vya Butiama hupeleka shida zao kwanza pale pale: ofisi ya mtendaji wa kijiji.

Ngazi ya halmashauri, iliyo juu ya kijiji, iliwahi kuondolewa. Mwaka 1972, chini ya mpango wa Madaraka Mikoani, halmashauri zilivunjwa na kazi zake zikahamia kwa watumishi wa serikali kuu. Mwaka 1976 vikavunjwa pia vyama vikuu vya ushirika. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, baadaye alikiri hadharani kwamba hatua zote mbili zilikuwa makosa. Ni ungamo zito kutoka kwa aliyeziidhinisha. Sheria Na. 7 na Na. 8 za mwaka 1982 zilizirudisha halmashauri, nazo zikaanza tena kazi mwaka 1984.

Zilirudi zikiwa na njaa ya mapato, na ushuru wa mazao ukawa tegemeo lao vijijini. Kisheria hulipwa na mnunuzi, lakini mnunuzi huukata kwenye bei, hivyo uzito humwangukia mkulima. Mwaka 2017 ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula. Nafuu hiyo ilikuwa ya haki, ingawa ilipunguza fungu lile lile linalotakiwa kumnunulia afisa ugani mafuta ya pikipiki.

Kwa mkulima, afisa ugani ndiye msaada wenyewe. Ndiye anayeutambua ugonjwa wa batobato kwenye majani ya muhogo kabla mbegu yenye ugonjwa huo haijagawiwa kwa jirani. Mwaka 2022 serikali iligawa pikipiki kwa maafisa ugani nchini, lakini pikipiki bila mafuta haifiki shambani. Mwaka huo huo ruzuku ya mbolea ilianza kwa kuandikisha wakulima, na kazi ya daftari ikaangukia serikali za vijiji.

Fungu jingine la halmashauri ni asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, inayokopeshwa bila riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Ilitiwa kwenye sheria mwaka 2018, ikasitishwa mwaka 2023, ikarejea mwaka 2024.

Bunda ina mzigo wake wa pekee. Vijiji kama Kunzugu, Hunyari na Mariwanda viko jirani na maeneo ya hifadhi ya Serengeti na Grumeti, na tembo huingia mashambani mahindi yanapokaribia kukomaa. Usiku mmoja hutosha kumaliza chakula cha mwaka cha kaya. Hasara hupimwa na maafisa wa halmashauri, wa kilimo na wa wanyamapori, lakini fedha hutoka wizara yenye dhamana ya maliasili. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, kwa kadiri ya umbali wa shamba kutoka mpaka wa hifadhi, bila kuzidi ekari 5. Shamba lililo ndani ya mita 500 halikupewa kitu. Kipimo hicho kilimwumiza zaidi aliye jirani kabisa na tembo, wakati ardhi yake ni ya kijiji kilichoandikishwa kihalali. Jina lenyewe linasema kweli: ni kifuta jasho, si fidia. Fidia hurudisha gunia lililopotea.

Kwa hiyo kinga ina thamani kuliko malipo. Askari wa wanyamapori wa vijiji, kamba zilizopakwa pilipili na oili chafu, na mizinga ya nyuki inayoning'inizwa mpakani mwa shamba ni mambo ambayo halmashauri inaweza kuyaingiza kwenye bajeti yake, mradi fedha zifike kabla mahindi hayajatoa mbelewele.