Mguu Hulegea, Ugonjwa Uko Mgongoni



Apitaye Kamukunji, karibu na Shauri Moyo, husikia nyundo za mafundi wa jua kali tangu asubuhi hata jioni, wakifua majiko, masanduku na karai. Fundi akigusa chuma chenye moto kwa bahati mbaya, mkono wake hurudi nyuma kabla yeye mwenyewe hajatambua kwamba ameungua. Jambo hilo ni dogo, lakini ndani yake mna kazi mbili kubwa za mwili, na mwenye kuzifahamu ataelewa pia ugonjwa mmoja uliokwisha kuitia hofu mitaa ya Eastlands.

Kazi ya kwanza ni ya neva, ambazo wengine huziita mishipa ya fahamu. Neva ni mfano wa nyaya za simu. Habari ya moto hutoka kidoleni ikapanda mpaka kwenye ugwe wa mgongo, yaani ile kamba laini ipitayo ndani ya mfupa wa mgongo, na papo hapo amri hurudi kwa waya mwingine kuiambia misuli ivute mkono. Ubongo hupata habari baadaye kidogo, ndipo fundi alie. Yafaa kukumbuka kwamba nyaya zinazopeleka habari ni mbali na nyaya zinazoleta amri, maana jambo hilo litahitajiwa mbele.

Kazi ya pili ni uvimbe. Kidole kilichoungua hupata joto, huwa chekundu, huvimba, huuma, na hatimaye hakitaki kutumika. (Habari ya wekundu imo katika vitabu vingi vilivyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, katika ngozi nyeusi wekundu ni mgumu kuonekana, na ni afadhali kupapasa joto.) Watu wengi hudhani uvimbe huo ndio ugonjwa wenyewe. Sivyo, ni mwili unaojitibu. Mishipa midogo ya damu hupanuka na kuachia maji yapenye, na chembe nyeupe za damu hutoka humo kwenda kula vijidudu na kuondoa nyama iliyokufa. Neva nazo husaidia, kwani ncha zake hutoa kemikali za kuipanua mishipa hiyo. Tena uvimbe ukiwa mkubwa, habari zake hufika ubongoni, nao ubongo hupandisha joto la mwili mzima na kumtia mgonjwa usingizi. Mtoto mwenye homa akikataa uji, huo si ukaidi.

Kidoleni uvimbe una nafasi, kwa kuwa ngozi hutanuka, na iliyoharibika huota nyingine. Ugwe wa mgongo haukujaliwa hivyo. Umefungiwa ndani ya mfupa, na chembe yake ikifa haioti tena.

Basi hapo ndipo polio inapofanya ubaya wake. Virusi vyake huingia kinywani kwa mikono, maji au chakula kilichochafuliwa na choo, vikazaana kooni na matumboni. Wengi walioambukizwa hawaoni dalili yo yote. Wengine hupata homa, kuumwa kichwa na ugumu wa shingo, kisha hupona. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba katika watu 200 walioambukizwa, mmoja hupooza moja kwa moja. Kwa huyo virusi vimefika kwenye ugwe wa mgongo na kuziharibu chembe zitoazo amri, na chembe nyeupe za damu zimekusanyika pale kwa wingi. Jina lenyewe la ugonjwa, kwa Kigiriki, maana yake ni uvimbe wa sehemu ya kijivu ya ugwe huo. Mguu hulegea kama kitambaa, lakini mtoto akifinywa hulia, kwa sababu nyaya za habari zi nzima. Zilizokatika ni za amri. Kuuchua mguu kwa mafuta siku hizo, au kuuchanja kwa wembe, hakufiki mahali penye ugonjwa. Na ikiwa misuli iliyopooza ni ile ya kupumulia, mtoto huweza kufa.

Tarehe 21 Machi 2018 maji taka yalichotwa Eastleigh, katika Kamukunji, yakapimwa, na ndani yake vikapatikana virusi vya polio vya aina ya 2, ndugu za vile vilivyokuwa vimeonekana Mogadishu. Hakuna mtoto wa Nairobi aliyeonekana amepooza kwa ajili yake. Lakini virusi hivyo asili yake ilikuwa chanjo, na habari hiyo iliweza kumtia mzazi shaka isiyofaa kudharauliwa. Matone ya chanjo yana virusi vilivyodhoofishwa, ambavyo hutoka pamoja na choo. Penye watoto wengi waliochanjwa havipati njia, vikafa. Penye wengi wasiochanjwa huenda kwa mtoto hata mtoto, miezi mingi, mpaka vikarudiwa na nguvu. Aina ya 2 ilikuwa imeondolewa katika matone dunia nzima mwezi wa Aprili 2016, na watoto waliozaliwa baadaye hawakuwa na kinga ya kutosha juu yake. Kwa hiyo dawa ya jambo lile ilikuwa kuchanja zaidi, na ndivyo ilivyofanywa Nairobi mwaka ule ule.

Mtoto wa chini ya miaka 15 akilegea mkono au mguu kwa ghafula, yampasa mzazi kumpeleka hospitali siku hiyo hiyo. Huko choo chake huchukuliwa mara mbili, kwa kupitisha saa 24 au zaidi, kabla siku 14 hazijapita tangu kulegea, kikapimwe katika maabara ya KEMRI. Si kila mlegeo ni polio. Upo ugonjwa mwingine ambao askari wa mwili wenyewe huzishambulia neva kwa makosa, na wengi wapatao huo hurudia kutembea.

Hata katika polio, uvimbe ukitulia, chembe zilizokuwa zimezimia tu huamka, na nguvu kiasi hurudi katika miezi ifuatayo. Ndio wakati wa kumfanyisha mtoto mazoezi kwa bidii. Chembe zilizobaki hai huchipua matawi na kuitumikia misuli iliyoachwa yatima na zile zilizokufa. Kazi hiyo ya ziada huzichosha. Ndiyo sababu mtu aliyeugua utotoni, akatembea vizuri miaka 15, 30 au hata 40, huweza kuona mguu ule ule unaanza kudhoofika upya, naye hajaambukizwa tena wala hawezi kumwambukiza mtu.