Switch mpya na ile ya zamani: Hesabu ya mnunuzi wa Saint-Josse

Saint-Josse-ten-Noode, au Sint-Joost-ten-Node kama waiitavyo wasemaji wa Kiholanzi, ndiyo manispaa ndogo kuliko zote nchini Ubelgiji. Eneo lake ni zaidi kidogo tu ya kilomita moja ya mraba, na humo wamebanana watu wapatao 27,000, wengi wao wenye asili ya Uturuki, Morocco na Afrika kusini mwa Sahara. Kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa manispaa zenye kipato cha chini kabisa nchini humo. Nyuma ya kituo cha treni cha Kaskazini unaanzia mtaa wa Rue de Brabant, ambako wanunuzi hufika hata kutoka Ufaransa na Uholanzi kutafuta vitambaa, vyombo na zawadi za kupeleka nyumbani.

Tangu tarehe 5 Juni mwaka 2025, zawadi moja imewasumbua wazazi wengi, wa hapo na wa kwingineko. Siku hiyo kampuni ya Nintendo ya Japan ilianza kuuza Switch 2, mashine ya michezo ya mkononi iliyokuja kurithi Switch ya mwaka 2017. Barani Ulaya ilianza kwa bei ya takriban euro 470, ilhali ile ya kwanza iliingia sokoni kwa takriban euro 330.

Je, mnunuzi anapata nini kwa tofauti hiyo? Kwa macho, anapata mengi. Kioo kimepanuka kutoka inchi 6.2 hadi 7.9, na picha zake ni kali zaidi. Nafasi ya kuhifadhia michezo imepanda kutoka gigabaiti 32 hadi 256. Padi za pembeni, ambazo zamani ziliteleza katika reli, sasa hushikwa kwa sumaku. Unene haukubadilika, bali uzito umetoka kiasi cha gramu 400 hadi zaidi ya 530, jambo ambalo mikono ya mtoto wa miaka saba italitambua kabla ya macho yake. Michezo mingi ya zamani inachezeka pia katika mashine mpya, na hiyo ni heri kwa aliyekwisha kuinunua.

Mizani inageuka inapofika zamu ya betri. Nintendo yenyewe yakadiria kuwa Switch 2 hudumu kati ya saa mbili na saa sita na nusu. Switch ya zamani iliyoboreshwa mwaka 2019 hudumu kati ya saa nne na nusu na saa tisa. Toleo hilo hutambulika kwa namba HAC-001(-01) iliyoandikwa mgongoni, na anayenunua kilichotumika afadhali akigeuze akisome kabla ya kutoa fedha. Huko Goma au Bujumbura, ambako umeme hukatika bila taarifa, saa hizo mbili tatu za ziada si jambo dogo.

Padi nazo zina historia yake. Vijiti vya Switch ya kwanza vilijulikana kwa ugonjwa wa kujisogeza vyenyewe bila kuguswa. Mwezi Januari mwaka 2021, shirikisho la vyama vya watumiaji barani Ulaya, BEUC, lenye makao yake mjini Brussels, liliwasilisha mashtaka mbele ya Halmashauri Kuu ya Umoja wa Ulaya, likiwa na malalamiko karibu 25,000. Mwaka 2023 Nintendo ilikubali kuzitengeneza padi hizo bure barani Ulaya hata baada ya muda wa dhamana kumalizika. Hata hivyo, mafundi wa iFixit walipoifungua Switch 2 walikuta vijiti vinavyofanya kazi kwa mbinu ile ile ya zamani, na betri iliyogandishwa kwa gundi kali. Waliipa alama tatu kati ya kumi kwa urahisi wa kutengenezeka.

Liko pia suala la kadi za michezo, na hapa anayetuma zawadi Afrika awe macho. Baadhi ya kadi za Switch 2 hazina mchezo wenyewe ndani yake. Ni ufunguo tu, na mchezo hupakuliwa kwa intaneti. Kwa familia inayonunua intaneti kwa vifurushi vya simu, kadi ya namna hiyo ni sawa na kupelekewa ufunguo wa nyumba iliyo ng'ambo ya pili ya ziwa. Maelezo huandikwa kwenye kasha, lakini ni nani asomaye kasha dukani?

Wengine hukimbilia toleo la bei nafuu linalouzwa Japan. Hilo linazungumza Kijapani peke yake. Tofauti za bei kati ya nchi na nchi ziliwahi kuiponza kampuni hii: mwezi Oktoba mwaka 2002 Halmashauri Kuu iliitoza faini ya euro milioni 149 kwa kuzuia bidhaa zake zisivushwe kutoka nchi za bei ya chini kwenda za bei ya juu, faini iliyopunguzwa na mahakama mwaka 2009. Idara ya ushindani iliyoendesha kesi hiyo baadaye ilihamia katika Mnara wa Madou, ndani ya Saint-Josse hiyo hiyo.

Sheria ya Ubelgiji humpa mnunuzi wa kifaa kipya dhamana ya miaka miwili, na anayenunua kilichotumika kwa mfanyabiashara hana budi kupewa angalau mwaka mmoja. Muhimu ni risiti. Asiye na haraka anaweza kusubiri: kanuni ya Umoja wa Ulaya inataka vifaa vitakavyoingizwa sokoni kuanzia tarehe 18 Februari mwaka 2027 viwe na betri ambayo mtumiaji aweza kuitoa na kuibadilisha mwenyewe.