Kiyoyozi Kiendane na Chumba: Mazungumzo kwa Wakazi wa Kata ya Manzese



Kuanzia Desemba hadi Machi jua la Dar es Salaam halina huruma, na katika nyumba zetu zilizobanana, kutoka Midizini hadi Darajani, hata usiku hauleti nafuu kubwa, kwa kuwa bati lililochomwa na jua mchana kutwa huendelea kutema joto saa nyingi baada ya magharibi. Ndiyo maana viyoyozi, ambavyo zamani tulivihesabu kuwa vitu vya ofisi na hoteli, sasa vinaonekana hata katika vichochoro vyetu. Si jambo baya. Tatizo ni kwamba wengi hununua kwa kukadiria kwa macho, wakiamini kuwa mashine kubwa ndiyo bora.

Nguvu ya kiyoyozi hutajwa kwa kipimo cha BTU. Muuzaji akisema "elfu tisa" au "kumi na mbili", anataja kiasi cha joto ambacho mashine inaweza kukiondoa chumbani kwa saa moja. Kabla ya kwenda Kariakoo, chukua futikamba, pima urefu na upana wa chumba kwa mita, zidisha, kisha zidisha jibu kwa 600. Hayo ni makadirio ya mafundi kwa nchi za joto kama yetu, na yanatosha kwa chumba cha watu wawili. Chumba cha mita 3.5 kwa 3 kina mita za mraba 10.5, hivyo kinahitaji BTU 6,300. Kama juu ni bati tupu bila dari, ongeza sehemu moja ya tano. Kama dirisha linatazama machweo, ongeza sehemu moja ya kumi. Tunafika 8,190, na mashine ndogo ya 9,000 bado inatosha. Lakini sote tunajua kwamba chumba kimoja Manzese huweza kulaza watu watano. Kila mtu aliyezidi wawili huongeza kama BTU 600, maana mwili nao ni jiko. Hapo tunakaribia 10,000, na mashine ya 12,000 ndiyo yenye haki.

Sasa, kwa nini asinunue ya 18,000 aliye na uwezo? Kiyoyozi hufanya kazi mbili: hupoza hewa, na hukamua unyevu uliomo ndani yake. Hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. Mashine iliyozidi chumba hupoza kwa dakika chache, ikajizima kabla haijamaliza kukamua, kisha ikawaka tena, ikazima tena. Matokeo ni chumba chenye baridi na majimaji, shuka zinazonuka uvundo na kuta zinazoota ukungu, huku kompresa ikichakaa kwa kuwashwa na kuzimwa kila mara. Mashine ndogo kupita kiasi nayo hukimbia usiku kucha bila kufika. Wapo watakaowaambia kwamba zile za inveta, zinazopunguza na kuongeza kasi zenyewe, zimeondoa shida hiyo. Zimeipunguza, hazijaiondoa.

Upande wa LUKU ndipo panapouma zaidi. Kwa bei zilizoidhinishwa na EWURA mwaka 2016, mteja wa majumbani mwenye matumizi madogo hulipa shilingi 100 kwa uniti, kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Uniti ya 76 na zinazofuata ni shilingi 350 kila moja. Mashine ya 9,000 ikifanya kazi saa nane kwa usiku hula takriban uniti nne hadi tano, kwa hiyo 75 zote zinaweza kumalizika kabla ya siku 20, bila kuhesabu friji, taa wala pasi. Feni katika saa hizohizo haifikishi hata uniti moja.

Na nyumba nyingi hapa zina mita moja kwa wapangaji sita au zaidi, wanaochanga sawasawa. Mpangaji mmoja akifunga kiyoyozi, mama muuza maandazi wa chumba cha pili, mwenye taa moja na redio, anakuwa anamlipia baridi yake. Ugomvi wa namna hii si mgeni kwa wajumbe wetu. Baba mwenye nyumba na awawekee wapangaji mita ndogo ya kila chumba kabla mashine haijafungwa, si baada ya matusi.

Kwa maoni yangu, fedha ya kwanza iende kwenye dari. Dari, hata ya kawaida, hupunguza joto la bati kila siku bila kuomba uniti. Mwenye dari huenda akaona feni inamtosha, na akihitaji kiyoyozi atahitaji kidogo. Akishakifunga, akiweke kwenye nyuzi 25 au 26. Kuweka 16 hakuharakishi kupoa.

Kiyoyozi kiwe na waya wake kutoka kwenye swichi kuu, kifungwe na fundi mwenye leseni, kamwe kisichomekwe kwenye ekstensheni. Moto ukitokea, namba ya Zimamoto ni 114. Tena, ukishaziba matundu ya hewa ili baridi isitoroke, jiko la mkaa lisiingie humo hata likiwa limebaki majivu mekundu tu. Hewa yake yenye sumu haina harufu, na aliyelala haamki.

Mwisho, kipande cha ndani hutoa maji, na kile kipande cha nje hutupa joto. Katika kichochoro cha mita moja, joto hilo huishia dirishani kwa jirani. Kipandisheni juu ya usawa wa madirisha, bomba la maji lielekezwe mferejini, na jirani aulizwe kabla fundi hajatoboa ukuta.