Siku Nne Katika Nyumba ya Pwani

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya Kamati ya Uchaguzi ya chama mbele ya wajumbe wa matawi)



Tumeyasikia maneno yanayosemwa barazani na marikitini juu ya kamati hii, wala hatutajifanya kuwa hatukuyasikia. Inasemwa ati watu tisa wa chama, katika wakati ambao mwanachama anahisabu shilingi zake mara mbili kabla ya kulipa ada, walifunga safari wakenda kukaa pwani siku nne, wakila pweza na kupunga upepo. Mwenye kusema hivyo ana haki ya kusema, maana chama ni chake na ada ni yake. Kwa hivyo tumeomba nafasi hii tukuelezeni nani aliyegharimia, tulikwenda kufanya nini, na tumerudi na nini.

Tuanze na gharama ili tuimalize. Nyumba ile ni ya mwanachama mwenzetu, nayo iko pwani ya mashariki ya Unguja. Alituazima bila ya kodi. Nauli kila mtu alijilipia. Mchele, sukari na mafuta ya taa tulichangishana. Chama kilitoa fedha za karatasi na wino tu, na hisabu yake pamoja na stakabadhi imebandikwa kwenye ubao wa ofisi, na kila mwenye kadi aende akaisome. Pweza tulimla kweli, mara moja, na tulimnunua kwa fedha zetu. Kina mama watatu waliomo katika kamati walikwenda kuandika, hawakwenda kupika. Zamu ya jikoni ilikuwa ya kila mtu, na baadhi ya mabwana wamerudi mjini wakifahamu kwamba nazi haijikuni yenyewe.

Sasa mtauliza, jee, kazi hiyo haikuweza kufanywa ofisini? Kila aliyewahi kukaa katika ofisi yetu anajua jawabu. Asubuhi huja aliyefiwa, akafuata mwenye mgonjwa anayetaka kusafirishwa, akafuata mwenye kesi ya shamba, na baina yao simu hazinyamazi. Huo ni wajibu wa chama na hatuulalamikii hata kidogo. Lakini kitabu hakiandikiki kwa namna hiyo, na sisi tulikuwa na kitabu cha kuandika. Pale pwani simu zote tisa zilitiwa kikapuni akakabidhiwa mlinzi wa nyumba, nazo zilitolewa kwa saa moja tu kila siku baada ya sala ya alasiri.

Kitabu chenyewe ni mwongozo wa mawakala wetu katika vituo vya kupigia kura. Hapana shaka wako watakaoona kuwa hilo ni jambo dogo. Tunawakumbusha uchaguzi wa Januari 1961. Viti vilikuwa 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, na ZPPP 3, na katika hivyo 10 vya Afro-Shirazi kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja. Kura moja tu! Wale watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, serikali haikuweza kuundwa, na uchaguzi ukarudiwa Juni mwaka ule ule kwa viti 23. Katika ghasia za uchaguzi huo wa pili waliuawa watu 68. Hatulitaji hili ili tufukue ugomvi wa babu zetu. Wajukuu wa pande zote wamekaa pamoja katika ukumbi huu. Tunalitaja ili ijulikane kwamba karatasi moja, iliyotiwa katika fungu lisilokuwa lake na mtu aliyechoka usiku, inaweza kubadilisha mwendo wa nchi. Tena mwaka 1995, ulipofanyika uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu Mapinduzi, Rais wa Zanzibar alitangazwa kwa kura 165,271 dhidi ya 163,706. Tofauti ni kura 1,565 katika visiwa vyote viwili.

Basi usiku wa pili, baada ya sala ya isha, hali kila mtu ameandika tangu alfajiri na macho yamechoka, tulifanya majaribio. Tulikata karatasi 300 tukazitia alama za wagombea watatu, nyingine tukaziharibu kwa makusudi, tukazitia katika ndoo yenye kifuniko. Taa ya umeme tukaizima tukawasha kandili, kwani vituo vingi huhisabu usiku na si kila skuli ina taa ya kutosha. Wenzetu wanne wakakaa kuhisabu kama watu wa kituo, na waliobaki wakawa mawakala. Mara ya kwanza zilipatikana 297. Mara ya pili 301. Hapakuwa na mwizi katika chumba kile. Palikuwa na usingizi, karatasi mbili zilizogandana kwa unyevu wa bahari, na mtu mmoja aliyekuwa akihisabu kwa sauti ikamchanganya mwenziwe. Mara ya tatu tulizifunga mafungu ya hamsini hamsini, kila fungu likahisabiwa na watu wawili mbalimbali, na hapo zilitimia 300.

Kutokana na usiku ule zimetoka kurasa nne za mwongozo ambazo tunaziona kuwa ndizo za faida kuliko zote. Wakala aandike nambari za lakiri za kisanduku kabla ya kura ya mwanzo kupigwa, na azisome tena kabla ya kisanduku kufunguliwa. Aandike idadi ya karatasi zilizopokewa kituoni. Jioni, zilizotumika, zilizoharibika na zilizobaki zijumlishwe zirudi katika idadi ile ile ya asubuhi. Kura zilizomo kisandukuni zilinganishwe na majina yaliyotiwa alama katika daftari. Haya ni hisabu ya darasa la nne, lakini ni lazima yafanywe na mtu aliyeyafanya kabla yake mara nyingi, wala si na mtu anayeyasikia siku hiyo hiyo.

Jambo jengine hatukulijua mpaka tulipoambiwa. Mbele ya nyumba ile, maji yakipwa, wanawake hushuka kwenye mashamba yao ya mwani. Wawili katika hao, wanachama wetu, walipata kuwa mawakala, na siku ya tatu walikuja kukaa nasi ukumbini. Walisema: nyinyi mnaandika juu ya lakiri, na sisi tuliingia kituoni kabla ya jua kuchomoza tukatoka usiku wa manane, na hakuna mtu wa chama aliyetuletea hata chupa ya maji. Mmoja alikuwa ananyonyesha. Alipotoka kumnyonyesha mtoto, kiti chake kilibaki kitupu, na yaliyopita katika nusu saa ile hayajui yeye wala hakijui chama. Maneno hayo yametufanya tuandike upya sura nzima. Kila wakala awe na wa kumpokea. Chakula na maji vitoke katika tawi lake, mara mbili, kwa jina la mwenye kuvipeleka, na asile cha mtu mwengine. Tawi ambalo haliwezi kumlisha wakala wake lisitoe lawama baadaye.

Tunafika sasa kwenye lile tulilobishana, nalo ndilo khasa tulilokuja kukuwekeeni mbele yenu.

Kijana mmoja katika kamati alisimama akauliza: fomu zina faida gani? Mwaka 2015 watu walipiga kura tarehe 25 Oktoba, mawakala wakatia saini, matokeo yakabandikwa vituoni, na majimbo 31 katika 54 yakawa yamekwisha kutangazwa. Tarehe 28 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi akaufuta uchaguzi wote, na ulirudiwa tarehe 20 Machi 2016 bila ya upande mkubwa wa upinzani kushiriki. Jee, fomu zile zilizuia nini? Ukumbi ulinyamaza, maana swali lake lilikuwa la haki. Jawabu tuliyompa ni hii: hazikuzuia. Lakini ni kwa sababu ya fomu zile kwamba mpaka leo anayezungumza juu ya Oktoba 2015 huzungumza kwa tarakimu, kituo kwa kituo, badala ya kuzungumza kwa kilio. Mwenye haki asiyekuwa na karatasi huambiwa ana kinyongo. Kijana hakuridhika kabisa, na hatumlazimishi kuridhika.

Kutoka hapo likazuka swali la saini. Wakala akiona tarakimu si zile alizozihisabu, afanyeje? Mzee mmoja kutoka Pemba, mwenye kuheshimiwa na sote, alishika kwamba asitie saini, atoke, na ulimwengu uone kwamba chama hakikukubali. Saini, asema, ni ulimi wa mtu, na ulimi haukodishwi. Wengi wetu tulishika kwamba atakayetoka atatoka mikono mitupu, na nyuma yake kituo kitabaki bila ya jicho. Tulisema abaki pale pale, aandike malalamiko yake kwa tarakimu na saa, adai yapokewe, adai nakala, na asiondoke mpaka kisanduku kimefungwa. Tulibishana kuanzia adhuhuri mpaka maji yakajaa yakafika ukutani mwa nyumba. Kura zilikuwa sita kwa tatu. Hata hivyo hoja ya mzee wetu tumeiandika katika rasimu, kwa maneno yake mwenyewe, ukurasa ule ule iliomo hoja yetu, kwani anayekaa kituoni ni mwana wa tawi, na tawi ndilo linalopaswa kuamua.

Kwa nini tunakusomeeni mpaka ubishi wetu? Kuna khabari ya Marekani inayofaa kutajwa. Novemba 1910 Seneta Nelson Aldrich alikwenda na wachache katika wakuu wa mabenki kwenye kisiwa cha Jekyll, pwani ya Georgia, katika nyumba ya klabu ya matajiri. Walisafiri kwa behewa la faragha, wakitajana kwa majina ya kwanza tu ili watumishi wasiwatambue, na kisingizio chao kilikuwa kuwinda bata. Huko walitunga mpango wa benki kuu ya nchi yao. Mpango wenyewe haukupitishwa na bunge, ingawa mengi katika fikra zake yaliingia katika sheria ya Desemba 1913. Huenda kazi yao ilikuwa njema. Wataalamu wanasema mengi. Lakini kwa miaka walikana hata kuwa walikutana, na zaidi ya miaka mia imepita nao wangali wakishukiwa. Sisi mlango wetu tuliufunga ili tupate kuandika. Kilichoandikwa hakina mlango.

Rasimu hizi hapa mezani, zimepigwa chapa kwa mashine yetu ile ile mnayoijua, na ukurasa wa 11 umefifia kidogo kwa upungufu wa wino. Kila tawi lichukue nakala mbili, moja ya katibu na moja ya kusomwa mkutanoni kwa sauti, kwani wako wanachama wetu wasiojua kusoma na ambao wameshakuwa mawakala mara tatu. Juu ya suala la saini tunataka jawabu ya tawi kwa maandishi, pamoja na idadi ya waliokubali na waliokataa. Matawi ya Pemba yatapelekewa zao kwa mjumbe atakayevuka Jumamosi. Katibu atakayependa kuongeza barua ampe kabla ya Ijumaa jioni.