RUTUBA IENDAYO NA MAJI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama, Karatu, siku ya kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika)



Nimeombwa kusema juu ya maji na rutuba, nami nitaanzia mbali, huko pwani. Najua yuko atakayenong'ona: Karatu na bahari wapi na wapi? Namwomba anivumilie.

Maji ya juu ya Bahari ya Hindi, yaliyo mbali na nchi kavu, ni masafi na ya buluu, lakini ni maskini. Mbolea yake ni haba. Penye midomo ya mito mambo ni mengine. Mto Rufiji hukusanya maji ya nchi yenye ukubwa wa kilomita za mraba 177,000 hivi, na zaidi ya nusu ya maji hayo huletwa na Kilombero. Masika yakifika, mto hufurika ukashuka na naitrojeni na fosfati zilizooshwa mashambani na misituni, pamoja na silika iliyotolewa mawemawe na mvua. Vijimea visivyoonekana kwa macho hula chakula hicho. Wadudu wa majini huvila vijimea, na samaki huwala wadudu. Walakini si siku ile ile ya mafuriko. Maji yakijaa tope mwanga hauingii, na kijimea kikikosa jua hakioti, mithili ya mahindi yaliyopandwa kivulini mwa mkuyu. Tope likitua, ndipo bahari inapositawi. Wakati wa kusi mkondo wa pwani huenda kwa kasi kuelekea kaskazini, ukiyachukua maji ya mto. Kiangazi mto hupungua, maji ya chumvi hupanda deltani, na hapo mikoko, kwa majani yake yaozayo, ndiyo mweka akiba. Mwanaushirika atalielewa neno hilo.

Bwawa la Julius Nyerere lilianza kujazwa Desemba 2022. Umeme twauhitaji sana. Lakini bwawa lolote hutuliza tope, na tope lililotua bwawani halimfikii mvuvi wa Rufiji. Hesabu hiyo nayo yapasa kufanywa.

Sasa turudi nyumbani. Mvua inyeshayo katika msitu wa Ngorongoro na mashamba ya Karatu haifiki baharini kabisa. Huishia Manyara na Eyasi, maziwa yasiyo na mlango wa kutokea. Maji hupaa kwa jua. Magadi na udongo hubaki. Heroe hunufaika na vijimea vya magadi, lakini mkulima hali heroe! Udongo wetu mwekundu ukishafika huko haurudi, tena hulipunguzia kina ziwa ambalo kina chake ni kidogo tangu hapo.

Na chemchemi za Mang'ola, zinywesheazo vitunguu, ni mvua ya milima hiyo hiyo iliyozama ardhini. Mti ukikatwa juu, maji hukimbia badala ya kuzama, na mwanachama wa bonde hupata hasara asiyoisababisha.

Wazee wa Kainam, kule Mbulu, walilaza ng'ombe nyumbani na kurudisha samadi shambani. Basi naomba kila chama cha msingi, kabla ya mvua za Novemba, kihesabu makorongo yaliyo katika mashamba ya wanachama wake, na orodha hiyo ifikishwe kwa Katibu, ili Halmashauri ijue miche na mbegu za majani ya kingo zipelekwe wapi kwanza.